Hema Lisimame Jua Lingali Juu

Mara ya kwanza nilipolala kwenye hema kando ya Ziwa Victoria, nilifika saa mbili usiku. Tulikuwa pikipiki nne kutoka Migori, na tulichelewa kwa sababu ambazo kila msafiri anazijua. Mmoja alikuwa na abiria wa mwisho wa kumpeleka nyumbani, mwingine alisahau blanketi akarudi kulichukua, na wa tatu alipata pancha kabla hatujafika Rongo ilhali pampu ilikuwa imebaki nyumbani. Tulipoingia kwenye ufuo mmoja upande wa Sindo tulimulika kwa taa za pikipiki, tukaona nyasi fupi, laini, zimetandazwa kama zulia. Tulishukuru Mungu, tukasimamisha mahema hapo hapo.

Saa tisa usiku niliamshwa na sauti ya majani yanayong'olewa. Ilikuwa karibu sana, na pamoja nayo pumzi nzito ya mnyama mkubwa. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Tulilala macho wazi mpaka sauti ikaisha upande wa maji. Asubuhi mvuvi mmoja mzee alikuja, akatazama mahali tulipolala, kisha akatuonyesha kwa fimbo mistari miwili iliyochimbika ardhini ikishuka hadi majini, na katikati yake tuta dogo la nyasi. "Watoto wangu," alisema, "mmelala kwenye barabara ya viboko." Zile nyasi zilikuwa fupi kwa sababu huliwa kila usiku.

Tangu siku hiyo nina sharti moja ambalo siliachi, na ndilo ninalotaka kukupa wewe unayepanga kutoka wikendi na wenzako kwa pikipiki kwenda kulala kando ya ziwa: saa kumi na moja jioni, hema liwe limesimama. Huku kwetu jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza halibembelezi. Nusu saa baadaye huoni tena mguu wako. Kwa hiyo unahitaji saa mbili za mwanga baada ya kuzima injini: za kupiga hodi, kuuliza, kukagua ardhi na kupika. Ukishika sharti hilo, mambo mengine yote ya safari yatajipanga kurudi nyuma kutoka hapo, yaani saa ya kuondoka, uzito wa mzigo, mwendo wa kundi na hata idadi ya watu unaowaalika.

Kwanza tuelewane kuhusu safari yenyewe, ambayo mimi naiita rali. Watu wengi wakisikia neno rali hufikiria mashindano, vumbi na saa za kupimia. Ziko rali za aina nyingine kabisa. Kule Ujerumani, tangu mwaka wa 1956, wapanda pikipiki hukutana kila majira ya baridi kwenye mkutano uitwao Elefantentreffen. Jina hilo linatokana na pikipiki kubwa ya Zündapp iliyopewa lakabu ya tembo. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watu wachache tu. Baadaye wakawa maelfu. Hakuna anayeshindana. Wanafika, wanasimamisha mahema kwenye theluji, wanakoka moto, wanazungumza, kisha wanarudi makwao. Safari ndiyo shughuli yenyewe.

Sisi hatuna theluji, lakini pikipiki tunazo. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, kila kijiji cha Nyanza kimepata bodaboda. Hii imetufanya tuitazame pikipiki kama jembe, chombo cha kazi kutoka alfajiri hadi usiku. Nawajua vijana walioendesha Boxer miaka saba, wakapeleka watu katika kila kona ya Suna na Awendo, na hawajawahi kufika kisiwa cha Rusinga. Makala haya nayaandika kwa ajili yao zaidi ya mtu mwingine yeyote. Wanajua kufunga kitanda, mbao na magunia ya mahindi juu ya karia. Hakuna mtu mwenye ujuzi mkubwa kuliko wao wa kusafiri na mzigo. Walichokosa ni wikendi moja tu.

Kama kipato chako ni cha kila siku, usitoke kwa pesa za kubahatisha. Jumamosi ni siku ya soko na abiria, kwa hiyo kuiacha kuna gharama. Kundi ninaloliheshimu sana huweka kidogo kidogo kwenye chama kwa miezi mitatu, hadi kila mmoja awe na mafuta yake, chakula chake na akiba ya kumwachia mama watoto nyumbani. Mtu akienda huku nyumbani hakuna unga, atakuwa kwenye simu usiku kucha, na wenzake hawatapumzika.

Sasa mzigo. Hapa ndipo wengi huharibu safari kabla ya kuwasha injini. Ukifunga kila kitu juu ya karia, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito. Usukani unakuwa mwepesi, unayumba kwenye changarawe, na ukipanda kilima pikipiki inataka kuinua pua. Vitu vizito viwe chini na karibu nawe. Chukua magunia mawili madogo ya nailoni, yashone kwa ukanda mpana unaopita chini ya kiti, yaning'inie pande mbili kama mizigo ya punda. Upande wa ekzosi weka kipande cha bati kati ya gunia na bomba, la sivyo utanusa nailoni ikiungua kabla ya kufika Awendo. Vifaa na sufuria ziende humo, uzito sawasawa pande zote. Juu ya karia ubaki na hema na blanketi tu, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito, vimefungwa kwa kamba za tyubu zilizokatwa. Kamba za tyubu hazilegei njiani kama za katani, na ukipata shida unaweza kuzitumia kufungia vitu vingine.

Maji usiyabebe kwa mtungi wa lita 20. Hizo ni kilo 20, sawa na kumpakia mtoto wa shule anayechezacheza nyuma yako. Beba lita tatu za kunywa, mengine utanunua. Chakula pia usikibebe kutoka nyumbani, isipokuwa majani ya chai, sukari, chumvi na mkate wa asubuhi. Unaenda mahali ambapo samaki kama mbuta na ngege hutolewa majini ukiwa umesimama hapo. Mama anayekaanga samaki ufuoni ana moto wake, mafuta yake na sima yake, na pesa utakazomlipa zinabaki kwenye kijiji kilichokupokea. Nimeona makundi yakifika na magunia ya makaa, nyama na makreti ya soda, yakala peke yao kwenye duara lao, yakaondoka bila kununua hata nyanya. Hao wakirudi mwaka ujao, nani atawakaribisha?

Pikipiki yenyewe ikague siku mbili kabla, usingoje asubuhi ya kuondoka. Ukigundua tairi limeisha saa kumi na moja alfajiri, utasafiri na tairi lililoisha. Tazama oili, kaza spoki, pima cheni: ukiisukuma katikati kwa kidole, upande wa chini, icheze kiasi cha upana wa vidole viwili. Ipime ukiwa umeshapakia mzigo na umekaa juu yake, maana cheni iliyokuwa sawa pikipiki ikiwa tupu hukazika karia ikilemewa. Breki za nyuma za ngoma hupungua nguvu kwenye mteremko mrefu, basi zipe nafasi ya kupoa. Kuna hila moja niliyofundishwa na fundi wa Rongo ambayo imeniokoa mara mbili: chukua kebo mpya ya klachi, ilaze sambamba na ile ya zamani kutoka mkononi hadi kwenye injini, uifunge kwa utepe. Ile ya zamani ikikatika porini, unabadilisha ncha mbili tu na kuendelea.

Katika kundi zima inatosha kuwa na pampu moja nzuri, viraka, gundi, tyubu mbili, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana za saizi zenu, plagi na balbu. Vifaa hivyo asivibebe kiongozi. Avibebe yule wa mwisho, kwa sababu anayepata pancha hubaki nyuma, na kiongozi mwenye pampu atakuwa ameshavuka vilima viwili. Mafuta si tatizo kubwa. Pikipiki ya cc 150 yenye mzigo hula takriban lita moja kwa kilomita 35 hadi 45, na kutoka Migori hadi Rusinga na kurudi hutazidi sana tangi moja. Hata hivyo jaza Homa Bay mjini kwenye kituo cha kweli, maana mbele ya hapo utakuta chupa za plastiki kando ya barabara, na hujui zimechanganywa na nini.

Kofia ngumu na jaketi la reflekta ni sheria, kwako na kwa abiria wako, na abiria ni mmoja tu. Najua jinsi tunavyozichukulia sheria hizi tukiwa kwenye steji zetu. Lakini safarini huna barabara unayoijua kila shimo lake, na dereva wa lori hakujui. Ivae. Mvishe na yule mwenzako anayesema kofia inamchosha shingo.

Ondokeni alfajiri, saa kumi na mbili. Sababu ni mvua. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu huvutwa kutoka majini kwenda barani hadi kugongana na milima ya Kisii. Ndiyo maana mawingu ya Rongo na Kisii hukusanyika mchana na kumwaga alasiri, mara nyingi kwa radi na mvua ya mawe. Anayepita Rongo saa tatu asubuhi huziacha radi hizo nyuma yake. Anayepita saa tisa alasiri huingia katikati yake akiwa juu ya kipande cha chuma. Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Januari au Februari, au kipindi cha baada ya masika, Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei niachie mimi nilale nyumbani.

Kati ya Migori na Rongo mtapita Awendo, nchi ya miwa. Wakati wa mavuno trekta huvuta matrela mawili yaliyojaa hadi kumwagika, na vijiti vya miwa huanguka barabarani. Muwa mmoja chini ya tairi ni kama rola: pikipiki inateleza pembeni kabla hujaelewa. Usifuate trela kwa karibu, usipite upande wa kushoto wake, na usiwaache vijana wa nyuma wakuhimize. Hatari hiyo mchana unaiona. Usiku matrela mengine hayana taa kabisa, na hiyo pekee ingetosha kuwa sababu ya sharti langu.

Kundi liwe na pikipiki zisizozidi sita. Mwenye mashine dhaifu au asiyezoea safari ndefu awe wa pili, nyuma ya kiongozi moja kwa moja. Akiwekwa nyuma, atalazimika kukimbia kuliko uwezo wake ili awafikie, na ajali nyingi za makundi huanzia hapo. Kwenye kila njia panda, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay, anayekata kona asimame mpaka amwone wa nyuma yake. Hakuna haja ya simu wala honi. Anayekunywa pombe mchana, hata chupa moja, funguo zake achukue mwingine, na mkubaliane juu ya jambo hilo mkiwa bado Migori, wote mkiwa na akili timamu.

Kwa mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa mtafika Homa Bay kabla ya saa nne. Msiendelee haraka. Kunyweni chai mjini, mtazame kilima cha Asego kilichosimama kama chungu kilichopinduliwa. Mgeni anayejua Kiswahili huogopa jina la mji, akidhani linahusu maradhi. Kumbe ni jina la mlima, ule Mlima Homa ulio mbele kidogo kuelekea Kendu Bay. Wanaotoka Kisumu hupita Ahero, Katito na Kendu Bay, na hao nawaomba wasimame Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi ya kijani, na mara nyingine huwa na heroe. Wajaluo husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wakiwa kwenye ngoma na pombe alifika bibi kizee, amechoka, akaomba mahali pa kulala. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, na bibi akamwambia aondoke na watu wake kabla ya mvua. Usiku ule kijiji kilizama. Wanaotoka Siaya wana njia nyingine: feri ya Luanda Kotieno hadi Mbita, pikipiki hupandishwa, na ndani ya kama saa nzima wako ng'ambo.

Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni kama kilomita 40, na barabara ni nzuri. Kama mmeondoka alfajiri, mchana mtakuwa Mbita mnakula samaki, na hapo ndipo kazi muhimu ya siku inaanza: kutafuta mwenyeji.

Ufuo ambako mitumbwi hutua una kamati yake, inayojulikana kama BMU, yenye mwenyekiti na katibu. Msipitie pembeni. Zimeni injini mbali kidogo, mvue kofia watu wawaone nyuso, na waende wawili tu, si kundi zima lenye viatu vya matope. Kama ni boma la mtu, simameni langoni mpige hodi. Mzee mwite Jaduong', bibi mwite Mama au Dani kwa kadiri ya umri wake. Jioni salamu ni "oyimore", na ukiipatia jibu lake utaona mlango wa uso wake ukifunguka. Kisha sema ukweli wote kwa mara moja: "Jaduong', sisi ni watu watano kutoka Migori, wanaume watatu na wanawake wawili. Tunaomba kulala usiku mmoja kwa hema, kesho asubuhi tunaondoka. Tutalipia sehemu, na tutanunua samaki hapa." Usiseme wawili kisha wakatokea wanane.

Ukikaribishwa ndani ya boma, usichague mwenyewe mahali pa kusimamisha hema. Boma la Kijaluo lina mpango wake. Nyumba ya mke wa kwanza, za wake wadogo, za wana kulingana na kuzaliwa kwao, kila moja ina upande wake kutoka langoni, na mahali unapoona uwanja mtupu huenda panamsubiri mtu. Mwenye boma atakuonyesha. Akikuonyesha mahali penye mawe, lala kwenye mawe, umshukuru kwa "ero kamano". Uliza bei na uliza choo wakati huo huo, hasa kama mna wanawake, maana choo kikikosekana usiku ule utakuwa mrefu kwao kuliko kwenu. Shule na makanisa pia hukubali wageni ukimwona mwalimu mkuu au mchungaji kabla. Kisha mtu mmoja ampigie simu mzee wa kijiji au naibu wa chifu, amweleze mpo. Siku ambayo kuna wizi wa injini ya mtumbwi, hutaki kuwa mgeni asiyejulikana na mtu yeyote.

Muulize mwenyeji maswali matatu kuhusu ardhi. Viboko hupita wapi? Maji yalifika wapi yalipopanda? Upepo wa usiku hutoka wapi? Swali la kwanza nimeshalieleza, na kwa jicho lako utatambua njia yao kwa ile mistari miwili yenye tuta katikati na kwa mavi yaliyotapanywa kwenye vichaka. Lala mbali nayo, na usilale kamwe kati ya kiboko na maji, kwa kuwa akishtuka hukimbilia majini bila kuzunguka kilicho mbele yake. Swali la pili lina historia. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupanda tangu miaka ya 1960, likameza nyumba na mashamba. Miti iliyokufa ikiwa imesimama majini ndiyo alama yake. Panda juu ya alama hiyo. Kuhusu upepo, usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, basi upepo hugeuka ukavuma kutoka barani kwenda ziwani. Mlango wa hema utazame majini na mgongo wake utazame vilima. Na usilale chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, hata kama kivuli chake mchana kilikuvutia, kwa ajili ya radi.

Kuna jambo linaloniuma kila nikiliona, nalo ni vijana kuruka majini mara wakifika, wamechoka na vumbi, kwenye kingo zenye matete. Ziwa hili lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi kwa dakika chache bila maumivu yoyote. Mamba nao wapo. Oga kwa maji ya kisima au ya bomba. Kama hakuna, chota ya ziwani, yachemshe, au yaweke kwenye chombo chenye kifuniko siku mbili kabla ya kuyatumia, jambo ambalo kwa safari ya usiku mmoja linamaanisha kumuomba mwenyeji yale aliyoyahifadhi. Aliyekwisha kuoga ziwani asinyamaze. Aende hospitali wiki kadhaa baadaye apimwe. Dawa yake ipo na hutibu.

Malaria pia. Homa Bay na Migori ziko kwenye ukanda ambako mbu wa malaria hawana msimu wa kulala. Wavu wa hema ukaguliwe nyumbani dhidi ya taa, na tundu lolote lishonwe. Zipu ifungwe kabla jua halijazama, siyo baada ya chakula. Wenzetu wanaotoka milimani Kisii au Nairobi wako hatarini zaidi, kwa kuwa miili yao haijazoea. Homa ikikupata ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mwambie daktari ulilala ziwani, ukapimwe siku hiyo hiyo.

Baada ya kula, zimeni taa zote. Kuna usiku ambapo wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mawingu kama moshi, na taa moja ikiwaka huwaita wote kwenye sufuria yenu. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Kama mmechagua usiku wa mwezi mchanga, na siyo kati ya Aprili na Julai ambapo uvuvi wa omena husimamishwa, tazameni ziwani. Taa zitaanza kutokea moja moja, kisha makumi, kisha mstari mzima wa upeo wa maji. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi nyingi ni za betri na sola. Wavuvi huziweka juu ya vielea, omena hufuata mwanga, na wavu unawazunguka. Ukiwa kwenye giza utadhani kuna mji ng'ambo ya maji. Nimeona mtu mzima, mwenye bodaboda yake miaka kumi, akikaa kimya mbele ya taa hizo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama watoto wake wanaweza kuletwa.

Jumapili asubuhi msijaze mambo mengi. Chagueni moja. Mkivuka daraja la Mbita mnaingia Rusinga, ambako mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amelazwa kwenye kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Kisiwa hicho hicho ndiko mtafiti wa visukuku Mary Leakey alikopata, mwaka wa 1948, fuvu la nyani wa kale aliyepewa jina la Proconsul. Nusu siku inatosha. Hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, ni kilomita za mraba 120 na ndiyo makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo hapa Kenya, lakini msiifikirie kwa pikipiki. Kuna nyati na faru humo, na pikipiki haiingii. Itawalazimu kukodi gari. Hata mkipita tu kando yake, vaeni nguo za rangi ya udongo. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na huvifuata vyombo vinavyotembea. Mitego inayotundikwa bondeni imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo kwa sababu hiyo.

Mimi, kwa watu wa Migori, nashauri Thimlich Ohinga, kwa kuwa ipo njiani kurudi nyumbani. Kutoka Homa Bay mnarudi Rodi Kopany, mnapita Ndhiwa, kisha mnaingia kwenye barabara ya udongo. Thimlich ni kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo, nyingine zikipita mita nne kwa urefu, zimesimama kwa karne kadhaa, na tangu mwaka wa 2018 ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Inameni mpite kwenye lango la chini. Lilijengwa fupi ili anayeingia aingie kichwa kikiwa chini. Kutoka hapo hadi Migori mjini ni kama kilomita 46 kupitia Macalder. Onyo moja tu: udongo mweusi wa huko ukinyeshewa hushika magurudumu hadi yasizunguke, hujaa kati ya tairi na madigadi. Kama mvua ilinyesha usiku, iacheni Thimlich siku nyingine, mrudi kwa lami ya Rongo.

Kabla ya kuondoka kambini, zimeni moto kwa maji mpaka majivu yashikike kwa mkono. Okoteni kila karatasi na kila mfuko, pamoja na ile isiyokuwa yenu. Rudisheni jagi mliloazimwa likiwa limeoshwa. Kisha nendeni tena wawili wale wale kwa mwenye boma kuaga, na kama bado amelala, msubirini kidogo. Atawauliza mtafika saa ngapi na njia gani. Mpeni saa ya kweli, muandike namba yake. Mkishaingia Migori, kabla ya kufungua mizigo, mmoja wenu ampigie aseme mmefika wote watano.